Baba Akiugua: Somo juu ya Matibabu ya Wasio na Bima

Katika somo hili twataka kutazama jambo tulijualo sote, walakini hatulisemi ila tukiwa tumekwisha kukaa matangani. Ni habari ya baba wa nyumba ashikwapo na maradhi, naye hana bima wala fedha mkononi. Somo lisomwe polepole, na ikiwezekana lisomwe na watu wawili watatu pamoja. Mwisho mtaona maswali ya kuzungumza.

1. Habari ya nyumba moja

Tuanze Nyamisati, mahali tunapopajua. Mbele yetu ni mto na mikoko, na gatini abiria hupanda chombo kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia. Wanaume wa huku ni wavuvi wa samaki na kamba, wakulima wa mpunga, mabaharia wa mashua, wakata miti na wachuuzi. Karibu wote hawana tajiri aliyewaandika kazi. Kwa hiyo hakuna mshahara ambao fedha ya bima hukatwa humo kila mwisho wa mwezi. Leo mtu apata, kesho akosa. Bahari ikichafuka, nyumba yafunga mkanda.

Basi tumweke mbele yetu baba mmoja wa namna hii. Hatumpi jina, kwa kuwa si mmoja. Kila msomaji aweza kumtia jina la mtu amjuaye. Ana miaka 45, mke na watoto wanne. Ameanza kukohoa. Mwezi wa kwanza asema ni vumbi la kupeta mpunga. Mwezi wa pili anunua vidonge vichache dukani, bila kupimwa. Mwezi wa tatu apelekwa kwa mtu wa mizizi, na mbuzi wawili wauzwa. Mwezi wa nne hawezi tena kuvuta kasia, na mtoto mkubwa aacha shule ili ashike nyavu. Mwezi wa tano ndugu zake wamlaza katika mashua ili wampeleke kwa matibabu. Lakini maji yametoka, nao wangoja hata yajae. Afika, lakini amechelewa.

Sasa tazameni yanayofuata. Habari ya msiba yafika asubuhi, na kabla ya jua kuchwa chama cha kufa na kuzikana kimekwisha kukutana. Sanda imepatikana, na mbao, na mchele wa kuwalisha wageni, na mafuta ya chombo cha kuwaleta ndugu walio mbali. Hakuna aliyesema hana. Hata mjane maskini aleta kibaba chake cha mchele.

Ndugu, hatulaumu kuzikana. Ni heshima, nayo ni desturi njema ya watu wa pwani tangu zamani. Lakini yatupasa tujiulize: fedha hizi zilikuwa wapi mwezi wa kwanza, alipoanza kukohoa? Zilikuwamo mumo humo vijijini, katika mikono ile ile. Twaweza kumchangia mtu aliyekufa kwa siku moja, wala hatuwezi kumchangia aliye hai kwa miezi mitano. Hilo ndilo neno moja la somo letu: mchango uliokuja kwa ajili ya jeneza ungaliweza kuja mapema kwa ajili ya dawa.

2. Kwa nini baba huanguka katikati

Wengine husema, “Baba hakwenda hospitali kwa sababu ya ujinga.” Sivyo sawasawa. Yafaa tujue jinsi mambo ya matibabu yalivyopangwa katika nchi yetu.

Baada ya uhuru, serikali ilitaka hospitali zake zimtibu mtu bila kumtoza. Lakini dawa zikapungua, fedha ya nchi ikawa haba, na mwaka 1993 serikali ikaanza utaratibu wa uchangiaji, yaani mgonjwa alipe sehemu ya gharama. Ulianza katika hospitali kubwa, kisha ukashuka. Ili wanyonge wasiangamie, yakawekwa makundi ya kusamehewa: wanawake wenye mimba, watoto walio chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi fulani, kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI.

Kwa upande mwingine, mwaka 1999 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ukaanza kazi mwaka 2001. Wa kwanza kuingia walikuwa watumishi wa serikali, ambao mchango wao hukatwa katika mshahara.

Sasa mtazameni yule baba wa miaka 45. Yeye si mtoto, wala si mzee wa miaka 60, wala si mama mjamzito, wala si mtumishi wa serikali. Milango ile miwili imejengwa, mmoja kuume na mmoja kushoto, naye apita katikati. Watu humwona ana nguvu, kwa hiyo hudhani ana fedha. Lakini nguvu zake ndizo fedha zake. Siku aumwapo, vyote viwili vyaondoka pamoja. Tena watu sita hula kwa mkono wake. Kwa sababu hiyo huogopa kutumia shilingi kwa ajili ya mwili wake, akifikiri kwamba amewanyima watoto. Yeye adhani ni upendo, na kweli ni upendo. Walakini ni upendo uliokosa hesabu, kwa maana akifa huwanyima watoto vyote.

3. Milango isiyotaka fedha

Katekista yampasa ajue milango iliyo wazi, ili aweze kumwonyesha mwenzake. Wengi huuza mali zao ili wanunue kitu ambacho kingalipatikana bure.

Mlango wa kwanza ni kifua kikuu. Katika nchi yetu kipimo chake na dawa zake hutolewa bila malipo, kwa tajiri na kwa maskini. Dawa humezwa miezi 6 kwa kawaida, wala haifai kuacha katikati mtu anapoona nafuu. Tena duniani kote wanaume wauguao kifua kikuu ni wengi kuliko wanawake. Basi mkumbukeni yule baba. Kikohozi kilichozidi wiki 2, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, ni alama ya kutosha ya kwenda kupimwa. Ikiwa maradhi yake yalikuwa hayo, mbuzi wawili waliuzwa bure, na mtoto aliacha shule bure, kwa maana dawa ilikuwapo pasipo bei. Hilo latuumiza kuliko yote.

Mlango wa pili ni UKIMWI. Kupima ni bure, na dawa za kupunguza nguvu za virusi zimekuwa zikitolewa bure katika nchi yetu tangu mwaka 2004. Mwanamume hukawia kupima kuliko mkewe, kwa kuwa mke hupimwa aendapo kliniki na mimba, bali mume hana siku iliyowekwa ya kumpeleka huko. Mzee wa kanisa aweza kumwambia: “Mwenzangu, mkeo alipokwenda kliniki, wewe ulikwenda naye?”

Mlango wa tatu ni maradhi ya aibu kwa wanaume wa pwani, yaani mabusha. Wako wasemao kwamba huletwa na kunywa madafu. Si kweli. Mabusha na matende huletwa na wadudu wembamba kama nyuzi, ambao mbu huwachukua kwa mtu huyu na kuwatia kwa mtu yule. Mwaka 1997 mkutano wa afya wa mataifa yote uliazimu kuyaondoa maradhi haya duniani, na katika Tanzania kazi ya kugawa dawa za kinga ilianzia mwaka 2000 ng'ambo yetu hapa, kisiwani Mafia. Dawa hizo hugawiwa bure. Lakini aliyekwisha kuvimba haponywi na vidonge; hupasuliwa, nao ni upasuaji unaojulikana vema na madaktari wetu. Serikali imekuwa ikifanya kambi za upasuaji huo bila malipo katika mikoa ya pwani. Basi habari ya kambi isikiwapo, katekista asiseme kwa sauti mbele ya watu, bali amwendee mwenye shida kwa siri. Mficha maradhi kifo humfichua. Na afichaye kwa sababu ya haya ahitaji rafiki, si tangazo.

Mlango wa nne ni msamaha wa umaskini. Mtu asiye katika makundi tuliyoyataja, naye hana kitu kabisa, aweza kuombewa msamaha. Njia yake ni hii: aende kwa mtendaji wa kijiji apate barua ya kumtambulisha, na akiwa hospitalini amwombe afisa wa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni kuwasikiliza watu wa namna hiyo. Wengi hawajui kwamba afisa huyo yupo, hutoroka wodini usiku kwa hofu ya hesabu, nao hawajapona. Ni afadhali kusema kweli mchana kuliko kukimbia usiku.

4. Mlango wa fedha kidogo

Kwa maradhi mengine mtu hulipa. Lakini mahali pa kuanzia ndipo penye faida au hasara.

Kwanza, aanze chini. Matibabu yetu yamepangwa kama ngazi: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, ambayo kwetu sisi watu wa Pwani ni Tumbi, Kibaha, na juu ya zote Muhimbili. Kadiri upandavyo, ndivyo gharama ipandavyo, na nauli pamoja nayo. Mtu arukaye ngazi hulipa mara mbili. Lakini tabibu wa zahanati akiandika barua ya rufaa, ichukueni na kuitunza kama fedha, kwa maana humfungulia mgonjwa njia huko aendako.

Pili, apime kabla ya kumeza. Si kila homa ni malaria, wala si kila kikohozi ni mafua. Anunuaye dawa ya malaria kwa kukisia hutupa fedha, naye hukawiza tiba ya ugonjwa wenyewe. Kipimo cha malaria cha tone la damu huonyesha jibu kwa muda wa robo saa.

Tatu, anunue dawa mahali palipoidhinishwa. Mwaka 2003 ulianza mkoani Ruvuma utaratibu wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo wauzaji wake wamefundishwa na duka hukaguliwa. Kisha ukaenea nchini. Tena mwulize mwuzaji jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni. Dawa moja huwa na majina mengi, na bei zake zaweza kupitana sana, hali nguvu yake ni ile ile.

Nne, asinunue nusu. Mtu aliyeandikiwa dawa ya siku 7 akanunua ya siku 2 hakuokoa fedha ya siku 5. Amepoteza ya siku zile 2, na ugonjwa umejifunza kuizoea dawa.

Tano, aulize bei na kudai risiti. Kuuliza si utovu wa adabu. Mtu aulizaye bei ya kamba gatini, mbona aona haya kuuliza bei ya kipimo? Na fedha isiyo na risiti hatuna njia ya kujua imekwenda wapi.

Tena tusisahau hospitali za misheni, kama ile ya Mchukwi katika Kibiti. Huko nako watu hulipa, lakini mgonjwa asikae kimya: aeleze hali yake tangu mlangoni, aulize kama aweza kulipa kwa mafungu. Neno lisemwalo mapema hupokewa vema kuliko ombi la mtu aliyekwisha kudaiwa.

5. Mfuko wa kutangulia

Sasa twafikia kiini cha somo. Hayo yote tuliyoyasema humsaidia mtu aliyekwisha kuugua. Lakini mwenye hekima huziba chombo kabla ya kukisukuma majini.

Wazo la watu kuchanga wakiwa wazima, ili amsaidie mmoja akiugua, si geni duniani. Katika Ujerumani mafundi walikuwa na masanduku yao ya kusaidiana wakati wa ugonjwa, na mwaka 1883 nchi ikalifanya jambo hili kuwa sheria kwa wafanya kazi. Kwetu, Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, na sheria yake ikatungwa mwaka 2001. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, na serikali ikaongeza kwa kadiri ya kilichochangwa; hiyo ndiyo iliyoitwa tele kwa tele. Mwaka 2018 mfuko huu uliboreshwa: katika wilaya kama zetu kaya ya watu hata 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikawa ya kutumika toka zahanati hata hospitali ya mkoa kwa njia ya rufaa. Kisha mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ili kila mkaaji wa nchi awe na bima. Kwa hiyo kabla ya kuchanga, mtu mmoja wa usharika na aende kwa mtendaji wa kijiji, aulize kiasi kilipwacho sasa kwa kaya, magonjwa yanayohusika, na hospitali zinazoipokea kadi. Kisha awaeleze wenzake.

Tumesikia manung'uniko mawili juu ya mifuko hii. La kwanza: “Nililipa mwaka mzima wala sikuugua, fedha yangu imepotea.” Ndugu, je! mtu aliyetia nanga usiku, na upepo usivume, asubuhi huilaumu nanga? Fedha yako haikupotea. Ilimtibu jirani, na mwaka ujao ya jirani itakutibu wewe.

La pili ni zito zaidi: “Nilikwenda na kadi, nikaambiwa dawa hakuna, kanunue dukani.” Neno hili si uongo, limewakuta watu wengi, nao waliacha kulipa kwa sababu hiyo. Hatutaki kulifunika. Lakini dawa yake si kukaa kimya nyumbani. Zahanati ina kamati yake, na wanakijiji wana haki ya kuwamo na kuuliza: dawa gani zimeletwa, lini, na zimekwishaje? Tena asiye na kadi hununua dawa dukani na hulipa kipimo pia. Mwenye kadi, hata siku mbaya, ameokoa kimoja cha viwili.

Tena tukumbuke jambo lililotendeka katika nchi hii hii ya Rufiji, siku zile Kibiti ilipokuwa bado ndani yake. Katika miaka ya 1990 wilaya za Rufiji na Morogoro zilichaguliwa kwa kujaribu njia mpya. Watu walikwenda nyumba kwa nyumba kuandika nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Kisha wakuu wa afya wa wilaya wakapanga fedha yao kwa kufuata maradhi yanayoua, si kwa kufuata desturi. Nyongeza ya fedha ilikuwa ndogo, kiasi cha dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Walakini vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa zaidi ya theluthi katika miaka michache. Twajifunza nini? Fedha kidogo iliyopangwa hushinda fedha nyingi ijayo kwa kishindo. Ikiwa wilaya iliweza, nyumba na usharika vyaweza.

6. Chama cha kuuguzana

Basi twashauri hivi. Kwa kuwa tayari tuna vyama vya kufa na kuzikana, tuviongezee kazi moja: viwe pia vyama vya kuugua na kuuguzana. Hatuhitaji kuanza upya; watu wamekwisha kuaminiana.

Tupige hesabu. Kaya 30 zikiungana, na kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa wiki, sanduku hupata shilingi 30,000 kila wiki. Kwa kiasi kile cha mwaka 2018, hiyo ni kadi ya kaya moja. Kila wiki nyumba moja hupata kadi, na katika wiki 30 nyumba zote 30 zinazo. Mwaka una wiki 52. Zasalia wiki 22, yaani shilingi 660,000. Hizo ziwekwe kwa ajili ya mafuta ya mashua ya kumpeleka mgonjwa, chakula cha amsindikizaye, na dawa ambazo kadi haikuzipata. Kiasi cha kadi kikiwa kikubwa kuliko hicho, wiki zitaongezeka au mchango utapanda, wala njia haibadiliki. Na wasioweza kutoa kila wiki, kwa kuwa fedha yao huja kwa msimu, watoe kwa wingi wakati wa mavuno ya mpunga.

Ili chama kisivunjike, yafaa yawekwe maagano machache. Sanduku liwe na kufuli 3, na funguo zikae kwa watu 3 wasio wa nyumba moja. Fedha ihesabiwe mbele ya wote, na kiasi kisomwe kwa sauti kila mkutano. Fedha ya ugonjwa isikopeshwe kwa biashara. Zamu ya kadi ipigiwe kura, ila mwenye mgonjwa nyumbani atangulie. Tena, katika vijiji vyetu Mwislamu na Mkristo hukaa ukuta kwa ukuta, huvuta wavu mmoja, na maradhi hayaulizi mtu asali wapi. Kwa hiyo chama kisibague. Aliyeshika kasia la jirani yake wakati wa kuzikana, alishike pia wakati wa kuuguza.

Msisahau yule Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Twapenda kuwafundisha watoto jinsi alivyofunga vidonda. Mara chache twawafundisha kwamba kesho yake alitoa fedha, akaziweka mkononi mwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa kitakachozidi. Huruma yake ilikuwa na hesabu. Hiyo ndiyo twaitafuta.

7. Neno kwa mwenye kuzunguka

Ninyi wakatekista mwajua jinsi baba wa pwani ajibuvyo. Mwafika, mwasema, “Shikamoo, mzee.” Ajibu, “Marahaba, mwalimu, karibu.” Mwauliza, “Hali yako?” Asema, “Si haba, namshukuru Mungu.” Nanyi mwaondoka. Lakini “si haba” ni heshima, si jibu. Kaeni kitako. Ulizeni habari za nyavu, na mara ya mwisho alipotoka baharini lini. Mtu asemaye hajatoka wiki tatu amekwisha kuwaambia kwamba ni mgonjwa. Kisha mwulizeni kwa upole, mkiwa peke yenu: “Mzee, twende pamoja zahanati kesho?” Mara nyingi neno “pamoja” hufanya kazi ambayo mafundisho mengi hayakuifanya. Wale watu wanne walioitoboa dari ili kumshusha mwenye kupooza hawakumpa shauri tu. Walishika pembe za godoro.

Na ninyi akina baba msomao, twasema nanyi kwa heshima. Kumsitiri mke na watoto ni kazi yenu. Basi usitirini na mwili huu wawategemeao. Pimeni shinikizo la damu mpitapo zahanati, hata kama hamsikii maumivu, kwa kuwa ugonjwa huo haupigi hodi. Kikohozi kisizidi wiki 2. Uvimbe usifichwe. Damu katika mkojo si dalili ya ukubwa wa kijana, yaweza kuwa kichocho, nacho kina dawa.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika mtaa wetu, msiba wa mwisho ulichangiwa kwa kiasi gani? Mgonjwa yule yule alichangiwa kiasi gani alipokuwa hai?
2. Ni maradhi gani yanayotibiwa bila malipo? Nani kati yetu hakujua?
3. Kwa nini mwanamume hukawia kwenda zahanati kuliko mwanamke? Tujibu kwa kweli, akina baba na akina mama.
4. Nani atakwenda kwa mtendaji wa kijiji kuuliza habari za kadi, na atatuletea jibu siku gani?
5. Nani katika usharika wetu au katika majirani zetu hajaonekana kazini kwa wiki mbili? Nani atakwenda kumtazama kesho?

Swali la tano msiliache mpaka mkutano ujao. Mkilijibu hilo moja, somo hili halikuwa bure.